Mkate wa Kima wa Bi Mwanatabu

Huko Magogoni, upande wa Kisauni, Bi Mwanatabu alikuwa na sifa moja ambayo haikuwa yake.

Watu walimjua kwa mkate wa kima. Si ule wa mkahawani, mkavu, ambao hauteremki mpaka usukumwe na soda. Huu ulikuwa mkate wa kima wenyewe: mayai yaliyopigwa hata yakafura, unga kidogo wa kuyashika, na katikati nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa thomu, tangawizi, pilipili mbichi na ndimu mpaka ikakauka. Ulichomwa kwa moto chini na moto juu, ukatoka umevimba, rangi ya tende. Akijifungua mtu mtaani, mkate ulipelekwa. Akirudi mtu hija, mkate ulipelekwa. Na kila mara aliyekwenda nao alikuwa Bi Mwanatabu, sinia mkononi, leso mpya mabegani, akipokea shukrani huku ameinamisha macho, na watu wakisema hebu ona unyenyekevu wa mwanamke huyu.

Hakuwa akinyenyekea. Alikuwa akiona haya, kwa sababu mkate ule aliupika mumewe.

Ahmad alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu. Mamake aliuza mikate ya kima zamani hizo, na Mungu alimjaalia watoto wa kiume watupu. Ahmad, kitinda mimba, ndiye aliyebaki naye jikoni wenzake walipokwenda mpirani, na mkono ukamkaa. Alipooa, Mwanatabu alijaribu kumpikia mkate huo katika Ramadhani yao ya kwanza. Ukatoka mweusi chini na mbichi juu. Aliingia jikoni akafunga mlango, akatoka na mwingine. Kabla hawajaukata, jirani akapiga hodi, akamkuta Mwanatabu ameshika sinia, akaonja, akaenda akatangaza.

Basi likawa hilo. Kukanusha kungemtia bi harusi aibu, na Ahmad naye, kusema kweli, hakutaka wenzake wa bandarini wajue. Mwanamume akipika pilau la harusi kwa masufuria makubwa, huyo ni mpishi na anaheshimiwa. Lakini mwanamume kukaa juu ya kigoda, akapepea makaa na kuubembeleza mkate mmoja kama anayelaza mtoto, hilo alijua wangelifanyia mzaha mpaka siku ya kustaafu kwake. Akastaafu, na siri ikabaki pale pale, kwa mazoea tu. Kila Ijumaa baada ya swala alivua kanzu, akafunga kikoi na mlango wa uani, akapika. Katika wiki nzima hakuna saa aliyoipenda kama hiyo.

Mambo yalianza kupinda Salha alipoposwa.

Salha, binti yao wa pekee, alifanya kazi katika kampuni moja ya mizigo kule Changamwe, na huko ndiko alikojuana na Jafar, fundi wa umeme, kijana wa Likoni. Siku wazee wa Likoni walipokuja kupokea jawabu la posa, mkate ulikuwa mezani. Babake Jafar, Mzee Tsuma, mkulima wa minazi na mihogo, alikula kipande akanyamaza, akala cha pili akazidi kunyamaza. Mamake, Bi Mwanakheri, alikuwa mwanamke wa mwili na sauti nzito, aliyezoea kuongoza kikundi cha akina mama na kusikilizwa. Alikipasua kipande chake, akakitazama ndani kama anayekagua kitambaa dukani.

"Mkwe," akamwambia Mwanatabu, "mkate huu ni wa kununua?"

"Umepikwa papa hapa nyumbani," Mwanatabu akajibu, naye hakusema uongo.

"Basi nisikilize. Siku ya harusi wanawake watakuwa kwangu. Keki za kununua sizitaki. Nataka uje Likoni mapema, upike uani kwangu, wakaza wanangu wauangalie mkono wako. Ninao pale, wazuri, wana adabu, lakini hakuna hata mmoja ajuaye kupalia mkate moto juu."

Mwanatabu alimtupia mumewe jicho. Ahmad alikuwa anatazama dari, kama mtu atafutaye mahali panapovuja.

"Inshallah," akasema Mwanatabu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Ahmad aligeuka. "Inshallah?"

"Ulitaka nisemeje, Baba Salha? Kwamba mpishi ni wewe? Mbele ya Mzee Tsuma?"

"Ungesema mgongo wakuuma."

"Harusi ni mwezi ujao. Mgongo gani unaouma kwa miadi?"

Salha alikuwa amekaa sakafuni akikusanya vikombe, anacheka mpaka machozi. "Baba, mfundishe tu mama. Muda si upo?"

Wakaanza kufundishana. Ahmad hakuwahi kumfundisha mtu kitu hicho, na hakujua kama alichokijua kilikuwa na maneno. Mwanatabu naye alikuwa mwepesi wa kila kazi ila ya kungoja. Alipika samaki wa kupaka wa kutajika, viazi vya rojo, mahamri yaliyofura. Lakini mkate wa kima wataka uuachie moto ufanye kazi yake, na yeye hakuweza kumwachia mtu wala kitu kifanye kazi bila kukisimamia.

"Usifunue," Ahmad alisema.

"Nataka kuona tu."

"Ukifunua unashuka."

"Sasa nitajuaje kwamba umeiva?"

"Utasikia kwa harufu. Ile ya mayai itaondoka, itakuja ile ya..." Akakwama, mkono hewani. "Ya mkate."

Mwanatabu alimtazama kwa muda. "Wallahi, Baba Salha, ni kama kufundishwa kuogelea na samaki."

Wa kwanza ulitoka mgumu. Uliofuata ulikuwa uji katikati. Kisha ukaja mmoja uliosimama vizuri pembeni, katikati umezama kama kisima, na wakauita mzuri kwa sababu hawakuwa na nguvu za kuuita vingine. Walikuwa wameusimamia hivyo, wanautafakari, sauti ikatoka juu ya ukuta. Alikuwa Nafula, mpangaji wa nyumba ya pili, mwanamke wa Bungoma aliyefanya kazi hotelini, anaanika nguo kwenye ghorofa yake.

"Mama Salha, kwani leo mpishi ni mgonjwa?"

"Mpishi gani?"

"Si mzee. Kila Ijumaa namuona hapo chini akipepea hizo makaa zake, ametulia kabisa."

Ahmad aliokota kipepeo cha makaa akakitazama kama hajawahi kukiona. Mwanatabu akauliza polepole, "Umejua tangu lini?"

"Tangu nihamie hapa."

"Na hujamwambia mtu?"

"Nani ameniuliza?" Nafula alibana kibanio kwenye shuka. "Nyinyi mkinipea kipande, mimi nakula na kunyamaza."

Siku ya harusi walitoka asubuhi. Ahmad alikaa ndani ya tuktuk na trei za mayai mapajani, akizikumbatia kila walipopita shimo, mpaka Feri. Wakavuka, wakachukua tuktuk nyingine upande wa Likoni. Salha alikuwa amebaki nyumbani kwa shangazi yake, anapakwa na kuvishwa. Njia nzima mume na mke walipanga. Wanaume wangekaa mbele ya nyumba, wanawake uani, na kati yao ua wa makuti. Ahmad angechagua mahali karibu na ua. Mwanatabu angeiweka simu yake kwenye pindo la leso, na mambo yakienda kombo, Ahmad angempigia.

"Utajuaje kama yameenda kombo?" Mwanatabu akauliza.

"Nitasikia kwa harufu."

Alipofika alisalimiana na wazee wote, akapita mikeka mizuri iliyotandikwa kivulini, akaenda kukaa mwisho kabisa, mgongo kwenye makuti.

"Mkwe, huko kuna moshi," Mzee Tsuma alimwita. "Njoo huku penye upepo."

"Hapa pananitosha, mkwe. Ahsante."

Uani Bi Mwanakheri alikuwa amejiandaa kama mtu apokeaye serikali. Majiko yalikuwa safu, masufuria yamesuguliwa yakang'aa, wakaza wana wamefunga leso tayari. Na kwa ukarimu wake, badala ya makaa alikuwa ameweka vifuu vya nazi, rundo hadi kiunoni, maana kwao minazi haikuwa shida. Ahmad hakuviona. Lakini moto wa kwanza ulipowashwa, pua yake iliviona. Kifuu huwaka kwa pupa. Kinaivisha wali upesi, na mkate wa kima kinauunguza kabla haujajua umewekwa wapi.

Akachomoa simu, akapiga. Iliita nyuma yake, karibu sana. Ikapokewa na msichana.

"Halo? Bi Mwanatabu ana unga mikononi. Nimwambie nini?"

Ahmad aliufunika mdomo kwa kiganja. "Mwambie apunguze moto wa chini."

Kisha sauti ile ile ikasikika mara mbili, moja ndani ya simu na nyingine juu ya ua: "Bi Mwanatabu, mumeo asema upunguze moto wa chini."

Wanawake wakacheka kwa pamoja. Juu ya kicheko hicho ikapanda sauti ya Bi Mwanakheri: "Mwambieni azungumze na wanaume wenziwe. Moto atuachie sisi."

Simu ikakatwa. Mzee Tsuma alikuwa amesogea, anamtazama Ahmad kwa huruma ya dhati. "Mkwe," akanong'ona, "una njaa? Niwaambie wakuletee hata mhogo?"

"Sina njaa," Ahmad akasema, na papo hapo harufu ya kuungua ikapita kwenye makuti.

Alingoja. Alisikia kifuniko kikiinuliwa, na mwanamke mmoja akisema kwa upole, "Si neno, wa kwanza huwa hivyo." Na sauti ya mkewe ikajibu, "Si neno," ndogo, kavu.

Aliijua sauti hiyo. Alikuwa amewahi kuisikia mara moja tu, na siku hiyo alikuwa amefunga mlango wa jikoni akaona amemaliza. Sasa ilimpitikia kwamba yeye ndiye aliyeifaidi siri ile miaka yote. Alikuwa amekaa na saa yake ya Ijumaa, raha mustarehe, na mwenziwe akatoka nje kuibeba. Na leo mwenziwe ameketi ukweni kwa binti yao, mkate umemuungulia, na yeye yuko huku nje anashauriwa kula mhogo.

Alisimama. Akavua koti lake la harusi, akalikunja, akamkabidhi Mzee Tsuma.

"Nishikie, mkwe."

Akazunguka nyumba mpaka kwenye mlango wa uani, akasimama nje, macho chini. "Hodi." Kukawa na mbio za leso na mitandio. "Hodi wenyewe."

"Mkwe," alisema Bi Mwanakheri alipofika mlangoni, "huku ni kwa wanawake."

"Najua, mkwe. Niwieni radhi. Nimekuja kwa sababu ya mkate."

"Mkate utaletewa huko huko."

"Si kuula. Kuupika."

Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa wakwe. Kisha wakaona Mwanatabu amenyanyuka kwenye kigoda. Alijifuta unga mikononi kidole kwa kidole, bila haraka.

"Mpisheni apite," akasema. "Huyo mnayemsifu siku zote ndiye huyu. Mimi kazi yangu ni kubeba sinia."

Ahmad aliingia, kanzu ameipandisha hadi magotini, akaketi kwenye kigoda ambacho bado kilikuwa na joto la mkewe. Jambo la kwanza alilofanya ni kuvitoa vifuu. Alibakisha vichache, akavifukia kwa jivu mpaka moto ukawa mwekundu wa ndani, usio na ndimi. Alimwomba mkewe bakuli la mayai, akayarudia kuyapiga. Akapaka sufuria samli, akamimina nusu, akaiacha ishike. Akaitandaza nyama kwa ncha za vidole, akamimina iliyobaki, akafunika kwa sinia ya bati, na juu ya sinia akapanga moto pembeni zaidi kuliko katikati. Kisha akaweka mikono magotini, akatulia.

Wanawake walianza kusogea. Kwanza wakaza wana, kisha mashangazi. Bi Mwanakheri alibaki amesimama, mikono kifuani.

"Mimi niliomba mpishi wa mkate ule," akasema mwishowe. "Sikutaja awe mke au mume. Sogea kidogo, nami nione." Akavuta kigoda, akaketi. Baada ya muda akauliza, "Hiliki hutii?"

"Sitii."

"Mamangu alikuwa akitia."

"Basi alikuwa akipika kitu kingine," alisema Ahmad, bila kuinua macho.

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu Bi Mwanakheri hivyo uani mwake. Naye alimtazama mwanamume yule, jasho linamtiririka, jivu kwenye ndevu, akaangua kicheko kirefu mpaka kigoda kikalia chini yake.

"Haya, fundi," akasema. "Endelea."

Na Ahmad akaendelea, na maneno yaliyomkimbia Magogoni yakamjia. Aliwaambia mkate ukikaribia kuiva utasikia harufu kama ya samli iliyodondokea chuma cha moto, na ndipo uhesabu pumzi zako kidogo kabla ya kufunua. Walisogeza pua wote kwa pamoja. Mwanatabu ndiye aliyesema wa kwanza, "Sasa." Ahmad akafunua. Mkate ulikuwa umesimama.

Mlangoni ikatokea kofia ya Mzee Tsuma, na koti mkononi. "Mkwe, watu wauliza umekwenda wapi."

"Waambie yuko kazini," mkewe akamjibu. "Na wewe usisimame bure. Hilo jivu halitatutosha, katuletee jingine kwa jirani." Mzee Tsuma alilitundika koti kwenye tawi la mstafeli, akaenda.

Mikate ilitoka mmoja baada ya mwingine, majiko yote yakifanya kazi, Ahmad anapita katikati yao kama zamani alivyokuwa akitazama makontena yakishuka, na Mwanatabu pembeni akionja nyama na kuamua ndimu, maana kwa ndimu hakukuwa na mtu wa kumfundisha. Ikakatwa vipande vya pembe tatu, ikapangwa kwenye masinia na chatini ya ukwaju, na chai ya tangawizi ikafuata. Wanawake walipokuja wamejipamba, udi unawafukiza, walikula kwa ncha za vidole wasiharibu hina, wakarudia.

Sinia ya wanaume aliipeleka Bi Mwanakheri mwenyewe. "Mkate huu," akatangaza, "kaupika mkwe wangu. Huyu hapa, mwanamume."

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini alicheka kwanza. "Ahmad, yakhe. Kumbe Bi Mwanatabu ni wewe?"

Mkeka mzima ukacheka. Ahmad aliingoja ile aibu aliyoikimbia ujana wake wote. Ikaja, akaihisi masikioni, na haikukaa. "Ndiye mimi," akasema. "Basi nirudishie kipande changu." Mzee yule alikirudisha nyuma kipande chake haraka, akakimaliza huku amempa kisogo.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi kuvuka. Salha alikuwa ameshakabidhiwa kwa mumewe, na Ahmad na mkewe walisimama kwenye feri wakiwa na trei tupu. Mwanatabu alikuwa akiyatazama maji.

"Umekasirika?" Ahmad akauliza.

"Sijakasirika. Nafikiria tu. Nimezoea kupita njiani watu wakinisimamisha. Sifa zilikuwa zako, lakini mikono iliyozibeba ni yangu, nayo ishazoea." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nitazikosa."

Ahmad hakuwa hodari wa maneno ya namna hiyo. Alifikiri mpaka feri ikakaribia kugota. "Wale wanawake walikula samaki wako wa kupaka uliowapelekea jana usiku," akasema. "Yule mkaza mwana mkubwa aliniuliza kama utakuja kuwafundisha. Nikamwambia akuulize mwenyewe, maana mimi nikishika samaki humwaga hata nazi."

"Aliuliza kweli?"

"Wallahi."

Mwanatabu aliitengeneza leso yake mabegani, akasogea karibu naye, wakangoja mlango ushushwe.

Ijumaa ya baada ya fungate, Jafar alifika Magogoni peke yake. Alimkuta mkwewe uani amefunga kikoi. Alimwamkia, akasimama, akahamisha uzito mguu huu na ule.

"Una jambo, mwanangu?"

"Baba, Salha hutoka kazini Changamwe jioni, amechoka. Mimi huwahi kufika nyumbani. Nimeona..." Akakohoa. "Kama hutajali, nami nifundishe."

Ndani, Mwanatabu aliyekuwa akipara samaki alinyamazisha kisu asikose neno. Ahmad alimtazama kijana kutoka viatuni hadi kichwani, akamsogezea kigoda. Kisha akampa bakuli na mayai, akamwambia apige mpaka mkono uchoke, halafu aendelee.